Mkalimani wa Bibi

Mwaka 1974 tulipoteza mbegu ya maharage ya bibi. Jambo hilo lilinirudia mwezi uliopita, nilipopita kwenye mteremko wetu wa zamani, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kabanga. Siku hizi kumeota mikaratusi. Nilitafuta mahali palipokuwa jiko letu, sikupaona.

Kama hujawahi kuishi mteremkoni, ngoja nikueleze. Tulilala vichwa vikiwa upande wa kilima na miguu upande wa bonde; ukikosea, unaamka kichwa kizito. Boga likikuponyoka, unalifuata mpaka mtoni, na wenzako wanakucheka njia nzima. Kulima tulianzia chini tukielekea juu. Jioni nyumba ilinukia moshi, mawese na yale maharage, mekundu yenye shingo nyeupe, ambayo bibi alikuja nayo alipoolewa. Mbegu yake aliichanganya na majivu, akaitia kwenye kibuyu, akaziba mdomo kwa mavi ya ng'ombe. Kibuyu hakikuguswa na mtu mwingine.

Baba alikuwa Tanga kwenye mkonge. Mama alijua Kiswahili cha sokoni; bibi alijua Kiha tu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na barua za baba nilizisoma mimi. Nilijiona mkubwa sana.

Mwezi Agosti tuliitwa mkutanoni; afisa wa serikali alisimama juu ya kiti akatuambia kwamba wote tunahamia kijiji kipya, kule tambarare. Hilo nililielewa, nikamwambia bibi. Kisha akaendelea: "Awamu ya pili ya utekelezaji itazingatia mpangilio wa makazi na shughuli za uzalishaji." Bibi akanivuta gauni.

"Anasema nini? Tutarudi kupanda?"

Sikuelewa hata kidogo. Jirani mmoja, mzee wa mizaha, akageuka. "Mwulize msomi wako, mama. Au huko shuleni wanashika jembe tu?"

Watu wakacheka. Nikaona aibu. Nikasema, "Ndiyo, bibi. Anasema tutarudi kupanda."

Bibi akatulia. Siku ya kuhama alibeba mkeka, vyungu na jembe lake. Kibuyu alikiacha ndani ya tundu la ukuta, akalifunika kwa udongo. "Kitatungoja hapa," alisema. "Njiani kitapasuka bure." Nilimwona akilipapasa lile tundu kwa kiganja. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Kijijini nyumba zilipangwa mistari, na ardhi ilikuwa sawa kama meza. Usiku wa kwanza bibi aligeuza mkeka mara tatu, akauliza kichwa kielekee wapi. Hakuna aliyejua.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alichukua jembe akanishika mkono, tukarudi kwetu. Paa lilikuwa limeondolewa. Maji yalikuwa yameingia ukutani na kibuyu kimepasuka. Maharage yaliota humo humo gizani, yakaoza. Bibi aliyachambua moja moja, akinusa kila moja. Hakupata hata moja la kupanda.

"Yule bwana alitudanganya," alisema. Njiani alilirudia neno hilo, na kijijini akawaambia majirani.

Jirani yetu mpya alikuwa mama aliyekimbia vita Burundi; lugha yake na Kiha vinasikilizana. Jioni moja alikuja kwetu na mbegu zake kwenye fundo la kitambaa, akakaa kizingitini.

"Hizi nilivuka mpaka nazo kiunoni, mama, nikikimbia," alisema. "Wewe uliyehama mchana kweupe, zako ziko wapi?" Alisema kwa utani, lakini bibi hakucheka.

"Tuliambiwa tutarudi."

"Na nani?"

"Yule bwana wa mkutano."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Bibi, hakusema hivyo. Sikuelewa alichosema. Niliogopa kuchekwa."

Yule mama wa Burundi akainamisha macho. Bibi alinitazama. Nilingoja kofi, na mpaka leo nadhani lingekuwa rahisi zaidi. Yule mama akamsogezea fundo lake; bibi akalifungua, akachota maharage ya kutosha matuta mawili, akashukuru kwa mikono yote miwili.

"Mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu, "lete jembe."

Tulipanda pamoja. Yalikuwa maharage madogo ya njano, matamu pia. Yale yenye shingo nyeupe sijayaona tena, wala Kasulu sokoni, wala Kibondo, na kila nikifika nayatafuta.

Bibi aliendelea kunipenda. Alinisuka nywele, alinibakishia ukoko. Mwaka uliofuata akaja afisa mwingine, akahutubia kuanzia asubuhi mpaka jua la utosini. Nilikaa karibu na bibi, masikio wazi, na safari hii nilielewa karibu kila neno. Bibi alimtazama yule bwana mdomoni mpaka mwisho. Watu walipopiga makofi, naye alipiga. Kisha akasimama, akakung'uta kanga, akaenda nyumbani bila kuniuliza kitu.