Ngoma ya Mama Mlangoni pa Kanisa

Harufu ya ngozi ya ngoma ikikaushwa kwa moto wa majani hunifuata mpaka leo, na kila ikinifikia hunitia uchungu. Kwetu Lionja, miaka ile matrekta ya mradi wa karanga yalipokuwa yakinguruma upande wa Nachingwea, ngoma hiyo ilikuwa ya mama. Aliirithi kwa bibi pamoja na kazi ya ukungwi: wasichana walipovunja ungo, yeye ndiye aliyewafunda na kuwapigia ngoma siku ya kutolewa. Mama alikuwa Mkatoliki, kaka yake Mwislamu, na wali, wasichana hao aliowafunda, walikuwa wa dini zote mbili. Hakuona shida yoyote. Jumapili tulitembea hadi misheni miguu ikimeremeta mafuta ya ufuta, na baada ya misa alipita makaburini kung'oa majani kwa mdogo wangu Yohana, aliyekufa hajaota meno. "Mimi nitalala hapa kando yake," alikuwa akisema, huku akipima mahali kwa mkono.

Misheni ilikuwa na mapadre wawili wazungu. Padre mkubwa aliamini unyago ni kazi ya shetani. Padre mdogo, aliyefika karibuni, alikaa vibarazani petu, akala ugali wa muhogo na kuuliza maana ya nyimbo. Sisi watoto tulimpenda, lakini katekisimu tulifundishwa na katekista, mtu wa padre mkubwa, mkali wa fimbo. Nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza siku alipotuambia kwamba kuficha dhambi ni dhambi ya pili, kisha akauliza ni nani aliyewapigia wali ngoma mwaka ule. Ulimi hauna mfupa. Niliinua mkono kwa fahari nikasema, "Mama yangu! Hakuna anayemshinda."

Jumapili iliyofuata mama alizuiwa komunyo, akaambiwa akae kwenye mkeka mlangoni mpaka alete ngoma ichomwe mbele ya waumini. "Nikiichoma, wali wa mwakani nitawatoa kwa makofi?" alituuliza nyumbani, wala hakuichoma. Alikaa mkekani miezi mingi, watu wakimruka kuingia. Ndipo padre mdogo akaja kwetu. "Mama, ngoma ni mti na ngozi," alimwambia. "Pasaka njoo mbele. Mimi nitasema na mkubwa." Mama akaamini. Siku ya Pasaka alipiga magoti pamoja na wenzake, akafumba macho, akafungua kinywa. Padre mkubwa akampita, akampa aliyefuata. Mama akabaki hivyo hivyo, kinywa wazi, mpaka mstari wote ukaisha. Padre mdogo alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale, akitazama viatu vyake. Nilimchukia yeye kuliko mkubwa, na mpaka leo sijaacha. Mkubwa hakuwahi kumdanganya mama.

Mvua zilizofuata, mama alishikwa na homa, akafa. Katekista alituma neno kwamba makaburini hapana nafasi ya kungwi. Mjomba akaja kutoka Narung'ombe na machela. "Dada yangu hawezi kukosa ardhi mimi ningali hai," alisema, akambeba na wenzake kutwa nzima, akamzika pembeni mwa shamba lake la ufuta, mbali na Yohana. Hakuna aliyenilaumu, hata mama mwenyewe kabla hajafa. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja nizeeke.

Mwaka jana nilisali katika parokia ile ile. Nje ya mlango, pale palipokuwa na mkeka wa mama, vijana walikuwa wakikausha ngoma tatu kwa moto wa majani. Ndani, mabinti walipeleka vipaji wakicheza kwa mdundo ule ule wa kuwatoa wali, ninaoujua tangu nilipokuwa mgongoni, na padre, kijana wa huko huko kwetu, akawapigia makofi. Baada ya misa alinishika mikono yote miwili. "Bibi, nasikia kwenu walikuwa wapigaji hodari. Njoo utufundishie hawa mabinti. Kanisa ni la wote." Nilitaka kumwuliza lilianza lini kuwa la wote, na mama yangu akaambiwe na nani. Nilimjibu tu kwamba mikono inauma, siwezi tena. Haiumi hata kidogo. Nimeificha dhambi hiyo, na sitaiungama.