Mto wa Sufi wa Julieth

Recheli hushona mito na magodoro ya sufi ndani ya chumba kile kile anacholala, hapa Ng'ambo, Tabora, na baina yake na mimi pana ukuta mmoja wa tofali za udongo. Mimi nauza viatu vya mtumba. Habari zake nazijua zote, na atakayesema huu ni umbea aje akae upande huu wa ukuta kwa wiki moja, ndipo tuzungumze.

Ukimkuta asubuhi utadhani ameota mvi kabla ya wakati wake. Sufi imemjaa kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka kwenye shingo ya gauni. Kazi yake ni kutoa mbegu, kuichapa sufi kwa fimbo mpaka iumuke, kisha kuishindilia kwenye mifuko na kushona. Sufi yenyewe ni ya Gangaben, mama wa Kihindi mwenye duka la magodoro kule mjini, na chumba nacho ni cha Gangaben. Si mtu mbaya. Ambrosi, mume wa Recheli, alipokwenda machimboni asirudi, ni Gangaben aliyempokea na kumpa mahali pa kulala bila kodi. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba chumba ni cha fundi. Ukiweka sindano chini, na kitanda umekiacha.

Humo ndimo alimokulia Julieth, binti yake pekee, au niseme ndimo alimoshindwa kukua.

Kwenye ukoo wao wana desturi yao. Mtoto akizaliwa, bibi yake humjazia mto kwa sufi ya kwanza ya msimu, na kila mwaka misufi inapopasuka mto hufumuliwa, ukaongezwa kidogo, ukashonwa tena. Bibi amekwisha kufariki, kwa hiyo Recheli akaendelea mwenyewe kuuongeza. Mto wa Julieth ulikuwa mzuri, nakubali, ungeweza kulaliwa na mwali siku ya harusi.

Na juu ya mto huo mtoto alikoroma kama mzee aliyetoka kilabuni. Pua ilikuwa imeziba mwaka mzima, mdomo wazi, macho yana weusi chini. Alikuwa na tabia ya kuifuta pua kwa kiganja akiisukuma juu, mpaka kikamchorea mstari wa kudumu katikati ya pua. Watoto wa hapa mtaani wakamwita Saluti, kwa jinsi mkono ulivyopanda usoni kama wa askari. Shuleni alisinzia. Ukimwita kwa nyuma hageuki, na mwalimu akasema ana kiburi. Alikuwa anarudia darasa la pili, na mwalimu alimwambia Recheli wazi kwamba asipofaulu mwishoni mwa mwaka watamwambia amtafutie shule ya watoto wazito wa akili.

Recheli alitoka huko amesawajika. Kila Krismasi humpima mtoto kwenye mwimo wa mlango na kuweka alama ya mkaa, na alama mbili za mwisho zilikuwa zimepandana, mkaa juu ya mkaa. Wenzake aliozaliwa nao walikuwa wameshamwacha kwa kichwa kizima.

Asifikiriwe kuwa alikaa tu. Alimfukiza kwa majani ya mkaratusi mpaka mtoto akatoka jasho la kuoga. Na kwa kuwa aliona kichwa kikiinuka pua inapata nafuu, kila ilipozidi kuziba aliufumua mto na kuongeza sufi. Mto ukawa mnene, pua ikazidi kuziba, naye akaongeza tena. Angefanya nini zaidi? Alichokuwa nacho nyumbani ni sufi.

Wanawake wa bombani wakaja na hukumu yao kwamba huyo ni kimeo, akatwe. Kulikuwa na mkata vimeo aliyesifika huko Igalula. Mimi nilimpinga Recheli, nikamwambia watoto wamevuja damu wakafa kwa kisu hicho, twende hospitali. Akaniambia nisimfundishe kulea. Likizo ya Juni ilipofika akapanda treni na binti yake, mto ukabaki kitandani kwa kuogopa usije ukapotea njiani.

Bahati ikawa upande wa mtoto. Mkata vimeo alikuwa amekwenda msibani, wakakaa kumsubiri kwa Benjamini, kaka yake Recheli, mkulima wa tumbaku. Tumbaku ya mwaka huo ilikuwa imeshauzwa na nyumba iko tupu, imefagiliwa. Julieth alilala kwenye mkeka, kichwa juu ya khanga iliyokunjwa. Wiki haikuisha. Alfajiri moja Recheli aliamka akasikia kimya. Alinisimulia baadaye kwamba alishindwa hata kupiga kelele, akapapasa gizani mpaka akaufikia uso wa mtoto, akakuta mdomo umefungwa. Akajua amekufa. Kisha akahisi pumzi ya puani, nyembamba, ikimpitia kwenye vidole.

Akarudi Tabora bila kimeo kukatwa, anacheka peke yake, anaisifu hewa ya Igalula. Na kwa furaha akaufumua ule mto, akauchapa upya, akaujaza vizuri kumkaribisha mgonjwa wake aliyepona. Kabla jogoo hajawika nikasikia kupitia ukutani, mkoromo ule ule.

Asubuhi nikamgongea, nikamwambia, "Mama Julieth, ni huo mto."

"Mama yangu ndiye aliyeujaza," akasema, akafunga mlango.

Alininunia, lakini maneno yalikuwa yameshaingia, kwa sababu juma lililofuata alinijia akiwa amemshika mtoto mkono, akaniomba tuongozane hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimtazama Julieth puani, akamtazama masikioni, akauliza mtoto analala wapi na juu ya nini. Recheli akajibu. Daktari akanyoosha mkono akamtoa Recheli unyuzi wa sufi kwenye nyusi, akautazama.

Akasema ni mzio wa pua. Vumbi la sufi linamwasha na kumvimbisha ndani ya pua, na uvimbe huo umefunga hata njia ya masikio, maji yamekaa nyuma ya ngoma ya sikio, ndiyo maana ukimwita hageuki. Hana kiburi wala akili nzito. Recheli akauliza kuhusu kimo.

"Mtoto hukua akiwa usingizini, mama," daktari akasema. "Huyu wako halali. Usiku kucha anapigania pumzi."

Akampa dawa ya kupuliza puani, akaonya kwamba dawa haitafua dafu mtoto akiendelea kulala ndani ya vumbi. Tulipofika sokoni Recheli akasimama. Akaniuliza atoke aende wapi.

Na alijaribu kutoka. Gangaben alisikitika kweli, lakini vyumba vyake vingine ni ghala, sufi imefika darini. Igalula kusingefaa, maana tumbaku ikivunwa kwa Benjamini huingia hadi chumbani. Akajaribu kuuza mboga kwenye kibaraza changu, mboga zikanyauka, na Gangaben akatuma mtu kuuliza kwa upole kama chumba apewe fundi mwingine. Niliumia. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Recheli kilikuwa nguoni na kichwani, na ndicho hicho hicho kilichokuwa kinampikia ugali.

Mto aliuchoma mwenyewe, uani, akaugeuza kwa kijiti mpaka ukaisha. Kisha akanipa mtoto.

Nilimtandikia mkeka kwangu, kati ya viatu. Tukapatana kwamba Recheli ataoga na kubadili nguo kabla ya kuingia. Lakini Agosti misufi ikapasuka, magunia yakaja moja juu ya jingine, na maji ya bomba yakawa ya kubahatisha. Siku moja aliingia na gauni la kazi, kwa hamu tu, akampakata binti yake kidogo. Usiku ule Julieth alikoroma, na kesho yake akasinzia darasani. Recheli alijilaumu kupita kiasi. Tangu hapo huishia kizingitini. Humletea mtoto chakula, hukisukuma ndani kutoka mlangoni, huuliza kuhusu masomo, hurudi kwenye sufi yake.

Mtihani wa mwisho wa mwaka Julieth alifaulu. Mwalimu huyo huyo alisema siku hizi mtoto anasikia.

Jumamosi moja alasiri, mvua za kwanza zilikuwa zimetuliza vumbi la njiani. Julieth alikuwa amelala mkekani. Recheli akaja, akasimama mlangoni, akamtazama binti yake akilala mdomo umefungwa. Nikaona jicho lake limehamia kwenye mwimo. Nilikuwa nimempima mtoto siku alipohamia, na asubuhi ile nikampima tena, alama mbili za mkaa zenye nafasi katikati.

"Amepanda," akasema.

"Vidole viwili," nikamjibu.

Akaweka vidole vyake viwili kwenye ile nafasi, vikaenea. Mwimo ulikuwa wangu.

Julieth akaamka, akamwona. "Mama, ingia."

"Nina nguo za kazi, mwanangu."

Mtoto akainuka mkekani, akamwendea mikono wazi. Recheli akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akawa katikati ya uwanja, mikono ameificha mgongoni.