Kaboni ya Betri ya Redio

Gari lilizimika kati ya Nkowe na Ruangwa mjini, saa saba mchana, mama yangu akiwa kiti cha nyuma anahema kwa shida. Siku nne tu kabla ya hapo, fundi wa Nachingwea alikuwa amefungua altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, akaniambia, "Mwalimu, sasa hii kama mpya." Nikazungusha ufunguo. Kimya.

Nikasimamisha bodaboda iliyokuwa ikipita, mimi na dereva wake tukampandisha mama, nami nikakaa nyuma yake nimemkumbatia asianguke. Ekzosi ikamuunguza mguu. Hakulia. Hospitali walimwekea oksijeni, akapata nafuu. Mimi sikupata.

Gari lilipovutwa hadi nyumbani, mume wangu alisema tumwite fundi yuleyule.

"Thubutu!" nikamjibu. Nafundisha fizikia; nitashindwaje na mashine ya sumaku na nyaya?

Niliazima betri ya jirani, nikawasha gari, nikaweka mita ya volti. Volti kumi na mbili, tena zinashuka. Altaneta ingekuwa inachaji, zingefika kumi na nne. Mkanda ulikuwa umekaza, nyaya za nje nzima. Basi ugonjwa ulikuwa ndani.

Nikaitoa, nikaifungua juu ya mkeka. Mle ndani hukaa vijiti viwili vya kaboni vya kupitisha umeme. Kimoja kilikuwa halisi. Cha pili kilikuwa kimechongwa kutoka kwenye kaboni iliyomo ndani ya betri ya redio, na kilikuwa kimevunjikavunjika.

Betri ya redio! Nikavifunga vile vipande kwenye kitambaa. Kaboni mpya nilizipata duka la vipuri linalotazamana na gereji ya yule fundi. Nikazilehemu, nikafunga, nikawasha. Kumi na nne. Sikufurahi hata kidogo.

Nikaenda gereji, mume wangu akinifuata. Nikamwekea fundi vile vipande mezani. "Umeniwekea hivi kwenye gari, nikabebea mgonjwa."

Akamtazama mume wangu. "Bosi, kaboni hazipatikani. Mafundi wote tunafanya hivyo."

"Usimjibu yeye! Gari ni langu, mama ni wangu. Nijibu mimi! Na kaboni ziko hapo ng'ambo ya barabara!"

Akainama kutafuta spana. Mume wangu akanishika mkono, eti yaishe. Nikauchomoa. Mteja aliyekaa kwenye benchi akainuka, akaomba ufunguo wake, akaondoka.

Fundi hajaniomba radhi mpaka leo. Nikipita pale, simsalimii.