Mashine Iliyongoja Maji ya Moto

Siku yangu ya kwanza kazini Shefu wa Atelie, mkubwa wa karakana yetu hapa Kalemie, hakunisalimu. Alinipa bisibisi na testa, chombo kidogo cha kuonyesha kama umeme unapita au umekatika, kisha akanionyesha rundo la karatasi mezani.

"Sitwayeni," akasema, "ile njo fishi. Kila mashini iko na fishi yake. Hapa chini kuko mustari wa sababu. Sitaki fundi wa kuniandikia 'sijui'."

Miaka ile ya Zaire sote tulikuwa sitwayeni, yaani raia, hata mtu akitaka kukutukana alianzia hapo. Nikaitika. Nilikuwa kijana, nina cheti kipya, na nilidhani kutokusema "sijui" ndiyo ufundi wenyewe.

Kampuni ilikuwa na nyumba za wakubwa kule mlimani, na katika kila nyumba mashine ya kufua. Mama zetu walikuwa wanafulia mtoni Lukuga, kwa hiyo kazi yangu iliwachekesha watu wa mtaa. Waliniita daktari wa nguo. Mimi nilijivuna tu.

Ninyi mnaoshika kazi sasa mtaniuliza tulikuwa tunatafutaje ugonjwa wa mashine. Mashine zile hazikuandika namba ya kosa. Zilikuwa na taa moja nyekundu na kitufe kikubwa cha kuzunguka, tulichokiita programeri, kinachoiamrisha mashine: sasa jaza maji, sasa fua, sasa mwaga. Kitufe kikisimama mahali pamoja na taa ikawaka mchana kutwa, ndipo unaitwa. Unaanza na umeme. Kisha unatazama kama bomba lina maji, maana siku nyingi halikuwa nayo. Kisha unafungua filtre, kichujio cha chini, unatoa mchanga wa ziwa na vifungo vya mashati. Unakagua mlango, unasikiliza pompe ya kumwagia maji. Mwisho kabisa, kama vyote ni vizima, unafungua bamba la nyuma na kupima rezistansi, chuma cha kuchemshia maji. Bamba lile lilikuwa na skrubu nyingi zenye kutu. Nakiri kwamba wengi wetu tuliishia kwenye pompe.

Kwenye fishi sababu zilikuwa mbili tu, kuchakaa au kutumia vibaya. Ukiandika kuchakaa, Shefu aliitwa kueleza kwa nini karakana haikuangalia mashine mapema. Ukiandika kutumia vibaya, aliyejibu alikuwa mtu wa nyumbani, yule anayefua. Hakuna aliyetufundisha tuandike ipi. Tulijua.

Siku moja nilitumwa nyumbani kwa Direkta wa Wafanyakazi. Aliyekuwa anafua pale ni Papa Kalunga, mtu wa Zongwe, aliyeishi na mke wake, Mama Rejina, katika chumba cha uani. Alikuwa na umri wa baba yangu, lakini pale nyumbani walimwita boyi. Nilimkuta amechemsha sufuria ya maji kwenye mbabula, jiko la makaa, anaimimina polepole kwenye kisanduku cha sabuni cha mashine. Na mashine, iliyokuwa imesimama tangu asubuhi, ikaendelea.

"Haiko mugonjwa sana, mutoto wangu," akaniambia. "Inangojea maji ipate moto, na maji haipate. Nikiisaidia na yangu ya moto, inaendelea. Angalia kule inachemushia."

"Papa, achia fundi kazi ya fundi," nikamjibu.

Nikapima umeme, nikasafisha filtre, nikasikiliza pompe. Vyote vizima. Nikatazama zile skrubu za nyuma, nikatazama jua. Kisha nikaona kile kisanduku cha plastiki kimejikunja kidogo kwa maji ya moto, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata cha kuandika. Nikaandika: kutumia vibaya, mfuaji anamimina maji yaliyochemka. Nikasaini. Papa Kalunga alisimama pembeni akifuta mikono, hakujua kusoma Kifaransa cha fishi. Akanishukuru kwa kuja.

Kabla juma halijaisha walikuwa wametolewa chumbani, yeye na Mama Rejina, na godoro lao likapakiwa kwenye mtumbwi wa kwenda Zongwe.

Baadaye mashine ililetwa karakana, maana ilizidi kusimama. Safari hii nilifungua bamba la nyuma. Rezistansi ilikuwa imevaa chokaa nyeupe, ile ile mnayoiona ndani ya birika zenu, kwa kuwa maji yetu ya ziwa yana chokaa nyingi. Chini ya chokaa chuma kilikuwa kimeungua na kukatika. Testa haikuonyesha kitu. Maji hayakuwa yanapata moto, na programeri ilikuwa na amri ya kutosogea mpaka yapate. Maneno ya yule mzee yalikuwa sahihi, moja baada ya jingine.

Nikampelekea Shefu ile rezistansi mkononi.

"Fishi ilisainiwa na nani?" akauliza.

"Na mimi, Shefu."

"Na chini yako?"

"Na wewe. Na Direkta."

"Basi. Unataka niende kumuambia Direkta alifukuza muntu bure? Tupa kile chuma."

Nikakitupa. Niliogopa, sina neno jingine. Haukupita muda nikahamishiwa Manono kwenye mashine za hospitali, na Shefu wa kule, mtu mpole aliyechoka, alinisifu kwa fishi zangu safi. Niliporudi Kalemie vipuri havikuwa vinakuja tena, na kazi yetu ikawa kung'oa kitu cha mashine moja kutia katika nyingine. Nyumba za mlimani zilipoanza kuhamwa, hata hilo likaisha. Nilistaafu bila barua. Siku moja tulikuta karakana imefungwa, tukarudi nyumbani.

Mtu akistaafu ana muda mwingi mno. Nilikuwa nikikaa nahesabu fishi kichwani, ngapi niliandika kutumia vibaya, nyuma ya kila moja kuna nani. Wengi siwakumbuki. Mmoja nilimkumbuka kila siku, basi nikapanda mtumbwi wa mota kwenda Zongwe.

Nilimkuta Papa Kalunga ufukweni anageuza ndakala, dagaa wa ziwa letu, juani. Nikajitambulisha, nikasema yote nikiwa nimesimama, kuhusu rezistansi, chokaa, Shefu, na woga wangu. Nilitegemea anitukane. Aliendelea kugeuza samaki.

"Basi nilikuwa nasema kweli?" akauliza.

"Ulisema kweli, Papa."

"Miye mwenyewe nilikuwa nimesahau. Rejina aliniuliza siku ile kama ni miye nilivunja. Nikakataa. Akauliza tena, na tena. Kiisha nikaitika, juu fundi aliandika, na fundi amesoma. Sikuomba tena kazi ya nyumba za watu. Nilisema mikono yangu inaharibu." Akageuza samaki mwingine. "Rejina amekufa akijua ni miye."

Akasimama, akaacha ndakala wake, akanishika mkono. Tulipanda hadi nyuma ya kanisa, kwenye makaburi, akanisimamisha mbele ya msalaba wa mbao.

"Muambie," akasema.

Nikasema kama nilivyofundishwa kutoa ripoti.

"Mama, rezistansi ndiyo iliyoungua. Sababu ni chokaa. Mume wako hakuharibu kitu. Aliona ugonjwa kabla yangu, akaniambia, nami nikaandika uongo."

Papa Kalunga alikuwa analia bila sauti.

"Sema tena," akaniambia. "Anza na jina lako."