Kidole Kilichomruka Papa

Hadi leo, mtu akichoma biringanya juu ya makaa, mimi ninageuka. Si njaa. Ile harufu ya ganda linaloungua inanishika mkono na kunirudisha Muhumba, mtaa wa Bukavu, kwenye nyumba moja yenye baraza refu linalotazama ziwa, Jumapili mchana, wakati nchi yetu ikiitwa Zaïre na mimi sijajua bado kufunga kamba za viatu vyangu. Wasomaji wangu, nitawasimulia mambo ya nyumba ile, lakini msinitake niyafafanue yote. Nilikuwa mtoto aliyechanganyikiwa, na kuchanganyikiwa kwenyewe hakujaniishia.

Watu wa mji waliiita "kwa Bayuda", yaani kwa Wayahudi. Wenyewe waliiita Cercle, yaani Duara. Walikuwa wazee, wafanyabiashara na wajane waliokuja zamani kutoka kisiwa fulani cha mbali, na watoto wao walikuwa wamekwisha kwenda Ulaya. Kwa kuwa hapakuwa tena na mtoto wa kufundisha, walifundishana wenyewe. Kila Jumapili walikaa kuzunguka meza ndefu wakasoma vitabu vyao vya dini, wakakumbushana herufi walizosahau, wakaimba nyimbo za bibi zao kwa Kispanyola cha kale, kisha wakala. Zile biringanya zilichomwa nyuma ya nyumba, juu ya babula, jiko letu la makaa, zikapondwa na kitunguu saumu na ndimu. Mimi nilikaa chini ya dirisha na sahani yangu, nikiwatazama watu wenye mvi wakigombana kuhusu kitabu kama sisi tulivyogombana kuhusu mpira.

Papa wangu alikuwa mwanafunzi wao. Baba yake, ambaye jina lake lilikuwa Yako nasi tukamwita Muzee Yako, alikuwa mmoja wa watu wale, muuza vitambaa na chumvi. Mama yake alikuwa Mushi, wa kabila la Bashi, kutoka kijiji cha Mumosho, mwanamke ambaye hakuwahi hata siku moja kukaa kwenye meza ya babu. Lakini babu hakumkana mtoto. Alimpa jina la Salomoni, akamlipia shule, akamfundisha kukata kitambaa bila kupima mara mbili, halafu akafa bila kuacha mtoto mwingine.

Basi papa alitaka jambo moja. Kwa Wayahudi iko sala ambayo mtoto wa kiume humsomea baba yake aliyekufa, jina lake Kadishi. Mwaka wa kifo cha babu ulikuwa unakaribia kutimia, na papa alitaka siku ile aisome yeye, kwa mdomo wake. Asipoisoma yeye, hapakuwa na mwingine wa kuisoma.

Ndipo ikawa mwanamume mwenye masharubu, aliyekuwa na mke na watoto, anajifunza a-be-che upya, safari hii ya Kiebrania. Alizichora zile herufi kwa kidole juu ya unga wa muhogo, maman akilalamika kwamba fufu haipikwi na maandishi. Kitabu chake kilifunguliwa kutoka nyuma, na mistari yake ilianzia kulia. Mimi nikaona ni akili mpya, nikaandika jina langu hivyo hivyo shuleni. Mwalimu alinipigisha magoti mbele ya darasa. Niliporudi nyumbani na magoti yenye vumbi, papa alicheka hadi akakohoa.

Mwalimu wake yeye alikuwa Madame Reina, mjane mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye alizaliwa kisiwani lakini alisema Kiswahili cha Bukavu kama muuza samaki.

"Salomoni, rudilia! Kinywa yako iko na usingizi!"

Papa alirudilia. Nilishangaa kumwona papa akiogopa mtu. Nilishangaa zaidi nilipomwuliza Madame sala ile inasema nini juu ya marehemu, akanijibu kwamba haisemi neno lolote juu ya kifo, inamsifu Mungu tu. Kwetu kanisani, misa ya wafu haiishi bila marehemu kutajwa na watu kulia. Hawa walikuwa na sala ya wafu isiyo na mfu ndani yake.

Na majina! Mwaka ule serikali ilikuwa imetuambia tuache majina ya kigeni. Kazini papa akawa Citoyen Mugisho, yaani Raia Mugisho, na abacost yake, lile koti la serikali lisilo na tai, imefungwa hadi shingoni. Jumapili, kwa Bayuda, alirudi kuwa Salomoni. Kule Mumosho, ndugu za bibi walimwita mtoto wa Muzungu. Nilimwuliza maman papa ni nani hasa.

"Iko papa yako," alisema maman. "Kula."

Sasa niwaeleze desturi moja, kwa sababu hadithi yote inasimama hapo. Kadishi haisomwi na mtu mmoja. Lazima wawepo wanaume kumi wa kuitikia. Na wale wazee hawakuhesabu watu kwa namba, waliona ni vibaya. Jambo hilo halikunisumbua, maana hata bibi wa Mumosho alitukataza kuwahesabu watoto kwa kidole, akisema kifo kina masikio. Kwa hiyo Monsieur Nissim, mzee aliyetengeneza saa za mji mzima, alichukua mstari wa zaburi wenye maneno kumi. Alimwelekezea kila mtu kidole na kumpa neno lake. Mstari ukiisha, watu wametimia. Nilikuwa nimeshika maneno yale kichwani kama wimbo wa kuruka kamba, bila kujua maana ya hata moja.

Siku ya ukumbusho ikawa Jumapili. Papa alinyoa mara mbili. Alivaa kofia ndogo ya babu, iliyombana, na njia nzima kutoka kwetu Kadutu midomo yake ilikuwa ikicheza na maneno ya sala. Wazee walikuwa wamefika, hata mmoja mgonjwa wa miguu aliyebebwa juu ya kiti. Aliyekosekana alikuwa mmoja, mfanyabiashara wa Bujumbura aliyeahidi kuja kwa gari. Mvua ilikuwa imenyesha bondeni tangu juzi, na kila mtu alijua barabara ya Luvungi, ambayo angepitia, ikipata mvua inakuwa nini.

Monsieur Nissim akasimama, akaanza kutoa maneno. Kidole kikaenda kwa wa kwanza, kwa wa pili, kikapita mezani, kikafika kwa papa. Hakikusimama. Kilimruka, kikaenda kwa aliyekuwa nyuma yake. Mwisho wa mzunguko neno moja lilibaki mdomoni mwa Monsieur Nissim, na hapakuwa na mtu wa kulipokea. Akatazama mlango. Wakangoja.

Nilidhani amekosea. Mtu anayetazama saa ndogondogo siku nzima, nikasema moyoni, macho yake yamechoka. Wakanywa kahawa. Mawingu yakashuka juu ya ziwa. Akahesabu tena, na kidole kikamruka papa tena, pale pale, na neno lile lile likabaki. Shuleni tulifundishwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Lakini papa alikuwepo! Alisimama pale mbele ya macho ya watu, mrefu kuliko wote, na kofia ya babu kichwani. Nikashindwa kujizuia.

"Monsieur Nissim, munamuruka papa! Papa iko hapa!"

Nilisikia mafuta yakilia jikoni. Mkono wa Monsieur Nissim ulishuka taratibu, na alipozungumza alizungumza na mimi, si na watu wazima.

"Mutoto, ile sheria haiko yangu."

"Nabintu, wacha," alisema papa. "Monsieur anajua kuhesabu."

Papa alikuwa na haya, na ni mimi niliyeifungulia mlango ile haya ikaingia chumbani. Lakini sikuelewa ni kwa nini, basi nikatafuta mahali pa kurekebisha. Kama papa hawamtaki, wanakosa mtu mmoja, si ndiyo? Nikatoka mbio hadi kwenye lango, alipokaa Papa Deo, mlinzi wa nyumba, Mkatoliki wa parokia yetu.

"Papa Deo, kuya mbio! Banakosa muntu moja!"

Papa Deo hakuuliza. Katika mji wetu, ukiambiwa wanakosa mtu mmoja, ujue kuna kabati la kubebwa. Alikunja mikono ya shati, akaingia sebuleni, na kwa heshima akavua kofia yake kama anavyoingia kanisani, mbele ya wanaume ambao wote wamefunika vichwa kwa heshima ile ile.

"Iko kitu gani ya kubeba?" akauliza.

Madame Reina alicheka hadi akatafuta kiti. Yule mgonjwa wa miguu alicheka. Monsieur Nissim alijaribu kujikaza, akashindwa. Papa ndiye aliyekuwa wa mwisho kucheka, na alipocheka alifuta macho yake kwa muda mrefu kuliko kicheko kinavyodai.

"Haiko kitu, Papa Deo," alisema. "Rudisha kofia. Humu banafunika kichwa. Ikala nasi."

Papa Deo akakaa. Lakini hata yeye hakupewa neno. Jua likaingia nyuma ya mlima, gari la Bujumbura halikutokea, na Monsieur Nissim akafunga kitabu cha sala. Papa alivua kofia ya babu, akaishika mikononi, akawa hajui pa kuiweka. Nilitaka kulia kwa niaba yake.

Ndipo Madame Reina akapiga meza.

"Bon. Kusali inaomba bantu kumi. Kusoma haiombi hesabu. Vaa kofia, Salomoni. Leo tunasoma juu ya roho ya Yako, na ni weye unaanza."

Wakaleta vitabu vingine, vinene. Nilitegemea habari za mbinguni. Kumbe ukurasa ule ulikuwa wa mashamba! Ulisema mwenye shamba asivune hadi ukingoni, aache pembe kwa ajili ya maskini na mgeni. Papa alisoma kwa kidole, kutoka kulia, polepole, akikwama na kujikwamua, na hakuna aliyemsaidia kabla hajaomba. Madame Reina alitafsiri. Kisha wakaanza kugombana. Pembe hiyo iwe kubwa kiasi gani? Na maharagwe je? Wazee wale hawakuwahi kushika jembe maishani, wote ni watu wa duka na mizani.

"Kwetu Mumosho," papa alisema, "haragwe ikianguka, mwenye shamba haiokoti. Ni ya wajane. Mama yangu alikulia hapo."

Monsieur Nissim alimtazama juu ya miwani. Akauliza hata ikianguka kikapu kizima? Papa akasema kikapu ni habari nyingine. Wakabishana hivyo hadi biringanya zikapoa. Hivyo ndivyo babu yangu muuza chumvi alivyokumbukwa, kwa maharagwe ya watu wa bibi yangu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye meza yake.

Njiani tukipanda Kadutu papa alipiga mbinja. Sikujua kama nifurahi au nihuzunike.

"Papa, umeshinda ao umeshindwa?"

"Nimesoma," alisema.

Baada ya hapo wazee wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Maduka yao yalikuwa yamechukuliwa na serikali, na miguu ya kungoja ilikuwa imewaishia. Madame Reina alimbusu papa kwenye paji la uso, ikabidi ainame kama mtoto. Nyumba ya Muhumba ikafungwa madirisha. Kwa miaka mingi niliwakasirikia watu wale. Niliamini papa alisoma mwaka mzima ili ahesabiwe, na wakamruka.

Nilikuwa mtu mzima, papa mwenyewe ameshazikwa, maman aliponiambia tukimenya mihogo, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Alisema Madame Reina hakumdanganya papa hata siku moja. Siku ile ya kwanza ya masomo alimwambia atasoma, atajua, na kumi wakiwepo ataachiwa kuisema Kadishi, lakini yeye mwenyewe hatahesabiwa, kwa sababu kwao dini inafuata mama. Kwa Bashi mtoto ni wa baba, kwa wale ni wa mama, na papa alizaliwa katikati ya sheria hizo mbili, zote zikimtupa ng'ambo ya pili.

"Naye alijibu nini?" niliuliza.

"Alisema, najua. Lakini nyinyi mutaenda. Nani atabakia hapa na maneno?"

Nikaacha kisu. Ndipo nilipoielewa ile safari ya kila mwaka ya makaburini, ambayo utotoni niliiona ni kichekesho. Tangu wazee waondoke, papa alitupeleka sote kwenye kaburi la babu: maman na rozari yake, sisi watoto, Papa Deo na kofia yake kichwani, maana alikuwa hasahau tena. Papa alisimama mbele yetu akainua kidole, akaanza kutoa yale maneno ya Monsieur Nissim. Alimpa maman neno. Alimpa Papa Deo. Alinipa mimi, kisha wadogo zangu, hata yule mchanga aliyelala mgongoni kwa maman. Hakumruka mtu. Watu tulipoisha na mstari bado una maneno, yaliyobaki aliyapa kaburi.

Mstari ule nilikuja kuukuta katika Biblia yetu wenyewe. Unamwomba Mungu awaokoe watu wake. Kama hesabu ya papa ilikubaliwa huko juu, mimi sijui, na sijampata wa kuniambia. Ninachojua ni kwamba alisoma sala yote bila kukwama, nasi tukaitikia Amina kwa sauti ya Kikatoliki, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo.