Salamu za Kibena Kariakoo

Tulikuwa Dar es Salaam, tukirudi Njombe, tulipoambiwa treni itaondoka kesho. Wenzetu walikimbilia madukani. Dobi wa misheni yetu alikwenda Kariakoo, nami nikamfuata. Kwa kila mchukuzi alisimama, akapiga goti kidogo, akasalimu kwa Kibena, "Kamwene."

"Mama, hapa sema Kiswahili!" wachukuzi walimcheka.

Alipita kwa mwingine, mikono yake iliyochujuka kwa sabuni ikiwa kifuani. Mwanawe aliondoka Makambako na lori la manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, miaka saba iliyopita, asiandike. Nilimwonya kwamba haipendezi mama mzima kusalimia wanaume barabarani. Aliendelea kusalimu. Jioni mchukuzi mmoja alitua gunia, akasema, "Kamwene, mama." Hakuwa mwanawe. Dobi alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwomba aseme tena.