Mkwe Akichoma Mbuzi, Mtambo Unafungwa

Mume wangu Bartholomeo ana karakana ya kuchomea vyuma Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Hakuzaliwa fundi. Zamani alinunua mashine mbovu ya kusaga, akaifungua hadi nati ya mwisho, kisha akaanza kuunda za kwake. Leo vijiji vingi vya huku vinasaga unga kwa mashine zake, na vijana aliowafundisha wana karakana zao. Kwa sisi tuliochelewa, kiwanda huanza hivyo: unafungua cha mwenzako, unaona, unajaribu, unaharibu, unapata.

Mradi wa umeme wa maji ulipofika kijijini kwetu, nyuma ya Tosamaganga, Bartholomeo aliomba jambo moja tu: awepo wakati mafundi wageni wa mradi wanaunganisha mtambo, auone ndani kabla haujafungwa. Mtambo unatoka ng'ambo, na mabonde yenye maporomoko kama letu yapo tele; akiuona ndani, angeweza kuyaundia ya kwake. Wageni walikubali. Mwenyekiti wa kijiji, baba yangu mdogo Anania, naye alikubali.

Siku yenyewe mume wangu alifika na spana zake. Kabla hajateremka mtoni, baba mdogo akamwita.

"Mkwe, wageni watakula nini? Mbuzi yule pale. Wewe unajua kuchoma."

Kwetu mkwe hakatai akitumwa ukweni. Wanaume wazima walikuwa wamejaa pale na pombe yao ya ulanzi, hawana kazi, lakini aliyetumwa ni mkwe! Nilimwona akiweka spana chini na kushika kisu. Hasira ilinipanda. Nilipofungua mdomo, mama akanibana mkono: "Usituaibishe mbele ya wageni."

Nyama ilipoiva, mtambo ulikuwa umeshafungwa na kubandikwa karatasi ya kiwanda: ukifungua, waranti imekufa. Bartholomeo alilizunguka lile boksi la chuma akinuka moshi. Taa zikawaka, watu wakashangilia. Mimi nikaondoka.

Mwaka huu watu wa bonde la jirani nao wametaka umeme. Wakamjia: "Fundi, unaweza kuunda kama ule?"

Akajibu kwa sauti ya chini, "Sijauona ndani."

Wakaagiza ng'ambo. Kazi ya karakana nzima, riziki ya vijana wake wote, imeliwa na mbuzi mmoja, na waliomla wanajilamba vidole mpaka leo.

Juzi baba mdogo alikuja nyumbani kwetu akicheka. Mtambo wa jirani unafungwa wiki ijayo, na kijiji chetu kimealikwa kusaidia mapokezi.

"Nimewaambia, kwa kuchoma mkwe wetu hana mpinzani."

Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti, kisha nikamkabidhi kisu.

"Baba mdogo, mbuzi wa safari hii utamchoma mwenyewe. Mkwe wako atakuwa mtoni."

Akamgeukia Bartholomeo. Bartholomeo alikuwa anapaka spana zake mafuta, na hakuinua kichwa.